Wazee Walivyotolewa Kitandani

Kwa muda mrefu mno, mzee aliyevunjika nyonga, aliyepooza upande mmoja au aliyeanguka mara mbili tatu alikuwa na dawa moja: alazwe. Apumzike, aletewe uji, ageuzwe ubavu. Akizidi kudhoofika, lawama ilibebeshwa uzee. Ilichukua zaidi ya karne moja kwa madaktari, wauguzi na wataalamu wa mazoezi ya viungo kubaini kwamba sehemu kubwa ya udhaifu huo ililetwa na kitanda chenyewe. Na hata walipobaini, haikutosha kusema mara moja; ilibidi kila kizazi kiambiwe upya.

Kabla ya 1900: Mwalimu wa upanga na nyumba za maskini

Mazoezi kama tiba yana asili nyingi, lakini yale yaliyozaa fiziotherapia ya leo yalilelewa Sweden. Mwaka 1813 Pehr Henrik Ling, mwalimu wa mchezo wa upanga aliyependa pia kutunga mashairi, alipata idhini ya kufungua taasisi ya kifalme ya mazoezi mjini Stockholm. Aliyagawa mazoezi katika matawi, na tawi mojawapo likawa la tiba: kukunja na kunyoosha viungo, kukanda misuli, kusukuma huku mkono wa mwalimu ukizuia. Wahitimu wake, wengi wao maofisa wa jeshi, waliueneza ujuzi huo Ulaya nzima. Walioweza kuulipia walikuwa watu wenye nafasi zao.

Mzee maskini wa England alikuwa na fungu lingine. Sheria ya Maskini ya mwaka 1834 ilitaka asiyejiweza asaidiwe ndani ya nyumba ya maskini, na maisha ya humo yawe mabaya kuliko ya kibarua wa chini kabisa aliye nje. Nia ilikuwa kuwatisha wenye nguvu wasikimbilie huko. Lakini wenye nguvu walikwepa, na kadiri miaka ilivyokwenda nyumba hizo zikajaa wale wasioweza kukwepa: wajane, vilema, wagonjwa wa siku nyingi na vikongwe. Wadi zao zilihesabiwa kuwa mahali pa kungojea mwisho. Hakuna aliyefikiria kumpeleka huko mwanafunzi wa Ling.

Taaluma yenyewe ilizaliwa London katikati ya kashfa. Mwaka 1894 magazeti ya kitabibu yalifichua kwamba baadhi ya nyumba zilizojitangaza kuwa za kukanda mwili zilikuwa madanguro. Wauguzi wanne, Lucy Robinson, Rosalind Paget, Elizabeth Manley na Margaret Palmer, waliamua kuinusuru kazi yao kwa kuunda chama chenye mitihani na masharti makali: mkandaji afanye kazi kwa maelekezo ya daktari tu, na asiwakande wanaume isipokuwa daktari ameomba kwa sababu maalumu. Chama hicho ndicho kilichokua na kuwa Chartered Society of Physiotherapy. Kwa masharti hayo heshima ilipatikana, lakini mtaalamu akabaki mikononi mwa daktari. Daktari asipomwona mzee kuwa wa kutibiwa, mtaalamu naye hakumfikia.

1914 hadi 1930: Taaluma ya vijana

Vita Kuu ya Kwanza iliijaza kazi taaluma hii changa. Mwaka 1914 Uingereza ilianza na kikosi cha wakandaji 50 waliolipiwa na mfadhili Almeric Paget. Baada ya muda mfupi walihitajika karibu kila hospitali ya jeshi. Marekani nayo iliwafundisha wanawake kuwarudisha askari waliojeruhiwa katika maisha ya kazi, na mmoja wa waliowafundisha, Mary McMillan, akawa kiongozi wa chama cha kwanza cha kitaifa huko mwaka 1921. Katikati ya vita, mwaka 1916, polio iliipiga New York na kuacha maelfu ya watoto wakiwa na miguu iliyolegea.

Kwa hiyo mbinu, vifaa na vitabu vilijengwa juu ya mwili wa askari wa miaka 20 na mtoto wa miaka 5. Lengo lilikuwa kumrudisha mtu shambani, kiwandani au shuleni. Mtu wa miaka 80 angerudishwa wapi? Daktari Ignatz Nascher wa New York alikuwa ameshauri tangu mwaka 1909 kwamba uzee uwe na tawi lake la tiba, kama utoto ulivyo na lake, lakini wenzake wengi walimsikiliza na kuendelea na shughuli zao.

1935: Wadi za Isleworth

Mabadiliko yalianzia mahali ambapo hakuna aliyepatazama. Sheria ya mwaka 1929 ilizivunja bodi za kusimamia maskini na kuzikabidhi taasisi zao kwa halmashauri. Huko Isleworth, magharibi ya London, hospitali ya West Middlesex ilijikuta mwaka 1935 ikirithi nyumba ya maskini ya jirani pamoja na wagonjwa wake wote. Waliokuwa humo walikuwa 714. Kazi ya kuwaangalia alipewa naibu mganga, mwanamke aliyeitwa Marjory Warren, ambaye hadi hapo alikuwa akifanya zaidi upasuaji.

Warren alifanya jambo ambalo leo linaonekana dogo: aliwapima mmoja mmoja. Wengi wao hawakuwa na ugonjwa uliotajwa popote. Walikuwa wamelazwa kwa sababu walikuwa wazee, na walikuwa wanalala kwa sababu walikuwa wamelazwa. Vitanda vilikuwa virefu, vingine vikiwa na kingo za kuzuia mtu asishuke. Walioshikwa na kiharusi miaka ya nyuma walikuwa na magoti yaliyokunjamana yasiyonyooka tena. Wengine walikuwa na vidonda vya mgongo. Waliojikojolea walikuwa kando ya waliorukwa na akili, na mzima wa akili aliyevunjika mguu alikuwa katikati yao.

Aliwatenganisha kwa hali zao: wanaoweza kuinuka, wasioinuka ila wanajizuia, wasiojizuia, waliochanganyikiwa kidogo, na waliopotewa kabisa na kumbukumbu. Kisha akaigeukia wadi yenyewe. Kuta zilizokuwa na rangi ya giza zilipakwa rangi za kuchangamsha na taa zikaongezwa. Aliweka vishikio ukutani, akahakikisha sakafu haitelezi, akaleta viti vya kukalia mchana. Mgonjwa aliyepooza alianza kwa kukaa ukingoni mwa kitanda, kisha kusimama akishikilia, kisha hatua mbili. Aliyekatwa mguu alifundishwa kutumia mguu wa bandia hata kama umri wake ulikuwa umepita 70. Nguo zao wenyewe zilirudishwa mwilini, maana mtu aliyevaa gauni la kulalia mchana kutwa hujihesabu mgonjwa. Daktari, muuguzi, mtaalamu wa mazoezi na ofisa wa ustawi walikaa pamoja kumjadili mgonjwa mmoja, desturi ambayo wakati huo ilikuwa ngeni hata katika hospitali za matajiri.

Matokeo yalihesabika. Wazee waliodhaniwa hawatatoka walitoka, wengine wakarudi kwa watoto wao, wengine kwenye nyumba za makazi. Vitanda vilivyohitajika vilishuka kutoka 714 hadi 240, na vilivyobaki wakapewa madaktari wa kifua kwa ajili ya wagonjwa wao. Pengine hilo la vitanda ndilo lililowashawishi wakubwa kuliko huruma yoyote. Warren aliandika makala zake kuu mwaka 1943 na 1946, katika British Medical Journal na The Lancet, akidai kwamba kila hospitali kubwa iwe na idara ya wazee na kwamba wanafunzi wa udaktari wafundishwe humo. Alifariki mwaka 1960 kwa ajali ya gari akiwa safarini kuelekea Ujerumani.

1939 hadi 1948: Mabomu, misumari na makala moja fupi

Vita ya pili ilisukuma mambo kwa njia ya ukatili. Mwaka 1939 Uingereza ilisubiri majeruhi wengi wa mabomu, na hospitali zikaamriwa zitoe nafasi. Wagonjwa wa siku nyingi, wengi wao wazee, walihamishwa. Wakati wa uhamisho huo madaktari wa hospitali za kawaida waliiona kwa macho yao hali iliyokuwa imefichwa katika nyumba za maskini.

Mmoja wao alikuwa Lionel Cosin, daktari wa upasuaji huko Orsett, Essex, aliyekabidhiwa mamia ya wagonjwa wa aina hiyo. Wakati huo kuvunjika nyonga uzeeni kulikuwa karibu sawa na hukumu: miezi ya kulala mguu ukivutwa kwa uzito, kisha kichomi. Lakini tangu mwaka 1931 Marius Smith-Petersen wa Boston alikuwa ameonyesha namna ya kuunga mfupa huo kwa msumari wenye mbavu tatu. Cosin aliwapasua vikongwe walioachwa, kisha akawainua mapema na kuwatembeza. Baadaye, huko Oxford katika miaka ya 1950, alianzisha hospitali ya mchana: mzee analetwa asubuhi, anafanya mazoezi, anakula, anarudi kulala kwake.

Mwaka 1947 Richard Asher, daktari wa London mwenye ulimi mkali, alichapisha makala fupi kuhusu hatari za kulala kitandani. Alivipitia viungo vya mwili kimoja baada ya kingine: mapafu yanajaa makohozi, damu inaganda miguuni, mifupa inapoteza chokaa, misuli inanywea, viungo vinakakamaa, choo kinafunga, mkojo unakwama, na moyo wa mtu unakata tamaa. Makala hiyo ilichekesha na kuchoma kwa pamoja, na bado inasomwa vyuoni. Mwaka huohuo Warren, Cosin na wenzao wachache waliunda chama cha madaktari wa wazee, na mwaka 1948 Huduma ya Taifa ya Afya ilipoanza, hospitali za zamani za maskini ziliingizwa ndani yake pamoja na wazee wake.

1950 hadi 1990: Miaka ya kujijenga

Miongo iliyofuata ilikuwa ya kupanua kuliko kuvumbua. Berta Bobath, mwalimu wa mazoezi aliyekimbia utawala wa Wanazi kutoka Berlin hadi London, alibuni pamoja na mumewe Karel njia ya kumfundisha upya mtu aliyepooza upande, na njia hiyo ikaenea duniani kote. Tafiti za baadaye hazikuonyesha kwamba inazishinda nyingine, ingawa walioifundisha hawakupenda kusikia hivyo. Mwaka 1962 John Charnley, katika hospitali ya Wrightington, alikamilisha nyonga ya bandia iliyodumu. Marekani ilianzisha Medicare mwaka 1965, na kwa mara ya kwanza mamilioni ya watu wa miaka 65 na zaidi wakawa na mtu wa kuwalipia matibabu.

Hata hivyo palikuwa na tahadhari ambayo karibu kila mtu aliikubali bila kuuliza. Mzee afanye mazoezi, ndiyo, lakini mepesi: azungushe mikono akiwa amekaa, arushe mpira laini, anyooshe vidole. Uzito ulikuwa wa vijana. Iliaminika kwamba misuli ya kikongwe haiwezi tena kukua, na kwamba kuilazimisha ni kumvunja.

1990: Vyuma vya Boston

Imani hiyo ilipasuka katika makao ya wazee ya Hebrew Rehabilitation Center mjini Boston. Daktari Maria Fiatarone na wenzake waliwaalika wakazi 10 wenye umri wa miaka 86 hadi 96, watu dhaifu wenye magonjwa ya moyo, baridi yabisi na historia ya kuanguka. Mara tatu kwa wiki, kwa wiki 8, kila mmoja alikaa kwenye mashine na kuunyoosha mguu dhidi ya uzito. Haukuwa uzito wa kumbembeleza mtu: kwa kawaida ulifikia asilimia 80 ya uzito mkubwa kabisa ambao angeweza kuuinua mara moja, na uliongezwa kadiri alivyopata nguvu.

Tisa walimaliza. Nguvu za mapaja yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na picha za vipimo zilionyesha kwamba misuli yenyewe ilikuwa imenenepa kwa asilimia 9. Wawili waliacha mikongojo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990, na mwaka 1994 kundi hilohilo la watafiti lilirudia jaribio kwa watu 100 na kupata mwelekeo uleule.

Takwimu moja ya jaribio lile la kwanza haitajwi sana, ingawa ina uzito uleule. Wiki 4 baada ya kuacha mazoezi, washiriki walikuwa wamepoteza asilimia 32 ya nguvu zao. Kumbe dozi haiwezi kutolewa mara moja ikaisha. Kuanzia hapo swali likawa nani atamfanyisha mzee mazoezi mwaka mzima, wapi, na kwa gharama ya nani.

1991 hadi 1997: Kiti, mita tatu na uzito wa kifundoni

Jibu lilihitaji kipimo chepesi kwanza. Diane Podsiadlo na Sandra Richardson wa Montreal walikichapisha mwaka 1991. Mzee anakaa kwenye kiti chenye mikono. Akiambiwa aanze, anainuka, anatembea mita 3 kwa mwendo wake wa kawaida, anageuka, anarudi, anakaa. Mtaalamu ana saa mkononi, basi. Anayemaliza chini ya sekunde 20 mara nyingi anaweza kujitegemea. Anayevuka sekunde 30 kwa kawaida anahitaji mtu wa kumshika. Jinsi anavyoinuka nako kuna habari zake: anajisukuma kwa mikono? Anajaribu mara mbili? Anageuka kwa hatua ndogondogo nyingi? Kipimo hiki hakihitaji umeme wala mashine, ndiyo maana hukikuta leo katika kliniki za dunia nzima.

Baada ya kipimo ukaja mpango. John Campbell, Clare Robertson na wenzao wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, waliwafuatilia wanawake 233 wa miaka 80 na zaidi waishio makwao. Nusu yao walitembelewa nyumbani na mtaalamu wa fiziotherapia mara 4 katika miezi 2 ya kwanza, wakapangiwa mazoezi ya kuimarisha miguu kwa uzito wa kufunga kifundoni, mazoezi ya kusawazisha mwili kama kutembea kisigino mbele ya vidole, na matembezi ya nje. Baada ya hapo waliendelea wenyewe, wakipigiwa simu mara kwa mara. Katika mwaka mmoja kundi la mazoezi lilianguka mara 88, na lile jingine mara 152.

Hospitali haikuhusika kabisa katika hesabu hiyo. Mazoezi ya mzee yalikuwa yamehamia jikoni na kibarazani kwake.

Chini ya Kilimanjaro

Nchini Tanzania, hospitali ya KCMC ilifunguliwa Moshi mwaka 1971, na ikawa na shule inayofundisha fiziotherapia. Jirani yake ni wilaya ya Hai, ambayo kutokana na tafiti za miaka mingi ni miongoni mwa sehemu za Afrika ambazo magonjwa ya wazee wake yanajulikana vizuri zaidi. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walihesabu visa vipya vya kiharusi Hai na Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha umri, Hai ilikuwa na takribani visa 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam 316, kiwango kilichozishinda nchi nyingi tajiri. Shinikizo la damu lisilotibiwa lilikuwa mshukiwa mkuu.

Huko Hai pia watafiti walikwenda nyumba kwa nyumba wakiwatafuta wenye ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukaza mwili. Wengi waliopatikana hawakuwahi kuambiwa wanaumwa nini, wala kumeza kidonge hata kimoja. Walijua tu kwamba mwendo umegoma. Lynn Rochester, mtaalamu wa fiziotherapia kutoka Newcastle, na wenzake, Watanzania wakiwamo, walilijaribu kundi dogo la watu hao kwa mafunzo ya kutembea kwa kufuata ishara, mbinu ya kumpa mgonjwa mdundo au alama ya kuongozea kila hatua. Mwendo wao uliongezeka kasi baada ya wiki chache, bila dawa. Ripoti ilitoka mwaka 2010. Kwa sayansi ilikuwa nafasi adimu ya kuona mazoezi peke yake yanafanya nini, ingawa sababu ya uadimu huo haifurahishi: dawa hazikuwafikia.

2007 hadi leo: Kitanda chajirudisha

Miaka 60 baada ya Asher, dai lake lilipimwa kwa vipimo vya kisasa. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwalaza wazee wenye afya njema, wastani wa miaka 67, kwa siku 10 tu. Walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu, na nguvu za kunyoosha goti zilishuka kwa takribani asilimia 16. Miaka 2 baadaye wanajeshi wastaafu 45 waliolazwa hospitali huko Alabama walifungwa vifaa vya kurekodi mwendo. Ilionekana walikuwa wamelala asilimia 83 ya muda, ingawa wengi wao waliweza kutembea kabla ya kuingia.

Mwaka 2018 Huduma ya Taifa ya Afya ya Uingereza ilifanya kampeni ya siku 70 ya kuwahimiza wauguzi wawavishe wagonjwa nguo zao na kuwaketisha kwenye viti. Warren alikuwa ameyafanya hayo Isleworth miaka 83 kabla, na bila kampeni.

Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi ziingize huduma za utengamao, yaani za kumrudishia mtu uwezo wa kujitegemea, katika afya ya msingi. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, wataalamu wenye ujuzi huo hawafiki 10 kwa kila watu milioni 1. Tanzania, ambayo sensa ya mwaka 2012 iliikuta na wazee wapatao milioni 2.5, ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003, na Kenya ilipata sheria yake ya wanafiziotherapia mwaka 2014. Lakini huduma yenyewe bado hupatikana zaidi katika hospitali za rufaa na za mikoa. Kwa mzee wa kijijini aliyepata kiharusi, sera inaweza kumsamehe malipo ya matibabu. Nauli ya kwenda na kurudi, yake na ya mtu wa kumshika mkono, haimo ndani ya msamaha huo, nayo mara nyingi ndiyo inayoamua kama mazoezi yataendelea au yataishia kwenye karatasi ya miadi.